Taasisi nyingine inataka orodha ya wakulima wetu pamoja na namba za NIDA. Niitoe?

Binti_Masjala (Lindi)

Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri, hasa mliopo kwenye utumishi wa umma au mliowahi kupita masjala.

Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye halmashauri moja mkoani Lindi. Jina lake silitaji maana huku tunajuana. Nimesoma Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Mtwara, kwa hiyo mambo ya jalada na folio (kurasa zake zenye namba) nayajua, ila hili lililonikuta darasani halikuja hivi.

Tuna orodha ya wakulima wa korosho walioandikishwa kwa ajili ya salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho. Ndani kuna jina kamili, namba ya NIDA, simu, akaunti ya benki, kijiji, ekari na idadi ya mikorosho. Wiki iliyopita taasisi moja ya serikali, nayo jina silitaji, imeandika barua ikitaka "orodha kamili ya wakulima wote pamoja na taarifa zao zote". Sababu iliyoandikwa: kwa matumizi ya ofisi. Basi, hakuna lingine. Na barua yenyewe haijafika masjala. Imepigwa picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wakuu wa idara, kisha bosi wangu akaniambia kwa mdomo huku anatoka kwenda kikaoni, "Wape tu, wale ni serikali kama sisi." Afisa wao sasa anakuja kila asubuhi, flashi ameitundika shingoni pamoja na kitambulisho, anauliza kama faili liko tayari.

Kinachonikwamisha ni hiki. Wakati wa kuandikisha nilitumwa vijijini kusaidia kujaza fomu. Kuna mzee mmoja kabla hajatia saini alimuuliza mtendaji wa kijiji, "Hii karatasi haiendi pengine?" Mtendaji akamjibu, "Ni ya salfa tu, mzee wangu." Mzee akatoa kadi ya benki kwenye mfuko wa nailoni, akawa ananisomea tarakimu moja moja na kunirudisha nyuma pale alipoona nimekimbia. Fomu yake iko kwenye boksi nyuma ya kiti changu.

Sasa nauliza: kuna sheria inayonizuia kutoa, au kuna sheria inayonilazimisha? Nikichelewesha si nitaonekana nakwamisha kazi ya serikali? Na nikitoa, kesho likilipuka jambo, jina langu si ndilo litakuwa la kwanza?

Nawasilisha.

Kijiwe_Cha_Kahawa

Mpe bwana. Serikali ni moja. Mnapenda sana kujitafutia umuhimu na mafaili, ndiyo maana nchi haiendi.

Mama_Mstaafu (Mtwara, Chuno)

Mwanangu, pole na kazi. Mimi nimestaafu, sasa hivi nauza korosho za kubangua, lakini nimezeekea masjala, ya wazi na ya siri, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Huyo wa kijiweni kasema nusu ya kweli. Serikali ni moja, lakini kila taarifa imeingia kwa mlango wake na kwa kazi yake. Muuguzi wa hospitali ya wilaya na afisa biashara wote wanalipwa na Hazina hiyo hiyo, lakini afisa biashara hana ruhusa ya kujua nani kalazwa na nini. Watu wanasahau kwamba siri ya ofisi kwa sehemu kubwa inatunzwa dhidi ya ofisi nyingine. Mwizi wa mtaani hana shida na ekari za mtu. Wenye shida nazo ni wale wenye vyeo na mihuri.

Enzi zetu barua ya siri ilifungwa bahasha mbili. Ya ndani inagongwa muhuri wa SIRI na kuandikwa cheo cha anayetakiwa kuifungua. Ya nje haina alama yoyote, anwani tu, ili dereva, mlinzi na karani wa mapokezi wasijue wamebeba nini. Kisha kuna kitabu cha kusambazia barua: anayepokea anaandika jina, tarehe, saini. Vijana waliokuja baadaye walikuwa wananicheka, wanasema mama anatunza daftari la mashahidi wa harusi. Lakini siku moja jambo lilivuja, tukafungua kile kitabu, tukakuta walioishika barua ile ni wanne. Hapakuwa na kubahatisha wala kuwatuhumu watu kumi na tano. Sasa niambie, kwenye hilo grupu la wakuu wa idara wako wangapi, na simu zao jioni zinashikwa na nani?

Na masjala ya siri mtu haingii kwa ukubwa wa cheo. Niliwahi kumsimamisha mlangoni mkubwa mmoja kutoka ofisi nyingine, alikuwa anataka jalada la mtumishi wetu. Alinifokea hadi watu wa idara ya jirani wakatoka kuangalia. Nikamwambia, shikamoo, kaa hapo kwenye kiti, nikuletee karatasi uandike unachohitaji. Akaandika kwa Katibu Tawala kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Mchana wake akapewa nakala za folio mbili, zile zilizohusu shauri lake, akatia saini akaondoka. Jalada halikutoka, na yeye hakukosa kitu. Hizo folio mbili ndizo alizokuwa anazihitaji tangu mwanzo, alikuwa tu amezoea kuomba jalada zima.

Ndiyo maana nakwambia usianze na swali la kutoa au kutotoa. Hilo si lako. Orodha si yako, wala si ya bosi wako wa idara. Mwenye mamlaka ya kuitoa ni Mkurugenzi. Wewe kazi yako ni kuhakikisha ombi limepita njia yake. Barua ije masjala, iwe na kumbukumbu namba, imeandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, imesainiwa na mkuu wa taasisi yao au aliyeidhinishwa. Iseme wanataka nini, cha nini, na kwa sheria gani. Uipokee, uigonge muhuri wa mapokezi, uifungulie jalada, uipeleke juu. Ikirudi na maneno ya Mkurugenzi kwa wino, hapo una cha kushika.

Maelekezo ya mdomo usiyabishie, na usiyatekeleze yakiwa mdomoni. Yaandikie dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi, leo hii. Mimi ningeandika hivi:

"Kufuatia maelekezo yako ya mdomo ya leo asubuhi kuhusu kuipatia taasisi tajwa orodha ya wakulima, naomba uone kuwa barua ya ombi haijapokelewa masjala, kwamba haikutaja sheria wala matumizi yaliyokusudiwa, na kwamba orodha ilikusanywa kwa ajili ya mgao wa salfa na ina namba za vitambulisho na akaunti za benki. Naomba idhini ya maandishi ya Mkurugenzi, na mwongozo kama suala hili lipitie kwanza kwa Mwanasheria wa Halmashauri. Nawasilisha."

Usiweke neno "nakataa" humo. Ukikataa, umejipa mamlaka usiyokuwa nayo, na hapo ndipo watakukamata. Halafu hiyo flashi ya shingoni usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi hata akikuletea na soda.

Mkorosho_Mkavu (Tandahimba)

Shikamoo mama hapo juu. Umenena.

Mimi ni miongoni mwa hao wanaoitwa "orodha". Nina mikorosho ya baba na mingine niliyopanda mwenyewe, na nimeandikwa kwenye daftari la chama cha msingi, daftari la kijiji, daftari la salfa, na benki. Kila mwaka tunaandikwa upya kama vile mwaka jana tulikuwa watu wengine.

Sipingi serikali kujua nina miti mingapi. Bila daftari salfa inaishia kwa wasiokuwa na hata mche mmoja, hilo tumeliona. Ila mtu akishaandikwa hapewi habari tena. Msimu uliopita, wiki ileile malipo ya mnada yalipoingia, nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alijua jina langu la katikati, ambalo hata mke wangu halitumii. Alijua benki yangu. Alijua kilo nilizopeleka ghalani! Akataka nimtajie namba ya siri "kuhakiki malipo". Nilimkatia. Jirani yangu hakukata, na alichokipata msimu mzima kikaondoka kabla ya adhuhuri. Sasa kilo zangu zilitoka wapi, chama, ghala, halmashauri au benki? Kila nilikouliza naambiwa siyo hapa.

Na wazee kuogopa karatasi wana sababu. Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba, timu za uhakiki zilipita huku. Unaulizwa shamba liko wapi, la nani, mbona kilo nyingi, wewe ni kangomba, mlanguzi wa korosho? Mwenye shamba la urithi lisilo na karatasi alipata tabu kweli kujieleza. Sisemi uhakiki ulikuwa kosa, kangomba walikuwepo na wapo mpaka leo. Nasema tangu hapo mtu akisikia jina lake linakwenda ofisi nyingine, tumbo linamkata kwanza.

Swali langu kwa wajuzi: mimi mwenye jina ninaweza kudai kuambiwa orodha yangu imepelekwa wapi?

Wakili_wa_Kusini

Nimjibu mkulima na binti kwa pamoja, kwa sababu sheria ni moja.

Faragha iko kwenye Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16. Utekelezaji wake kwa mambo ya taarifa ulikuja baadaye sana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watu wengi wanadhani ni ya mitandao ya simu na kampuni za mikopo ya mtandaoni. Inazibana taasisi za umma pia, halmashauri ikiwemo.

Nguzo yake kubwa kwa shauri hili ni kwamba taarifa hukusanywa kwa lengo mahususi, lililo wazi na halali, na haitumiki kwa namna isiyopatana na lengo hilo. Unayemwandika unatakiwa umwambie unakusanya kwa ajili gani na nani watapewa. Kwa hiyo lile jibu la mtendaji, "ni ya salfa tu", lina uzito kuliko alivyodhani wakati analisema. Mkulima, ndiyo: una haki ya kuiuliza taasisi iliyokuandika kama inazo taarifa zako, inazitumiaje na imempa nani. Uliza kwa barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikuzungusha, malalamiko yanakwenda Tume. Hiyo simu uliyopigiwa ni jambo la polisi pia, usiishie kulalamika huku.

Sasa upande wa pili, maana sitaki binti aondoke humu anadhani ana ukuta. Sheria hiyohiyo ina misamaha: usalama wa taifa, kuzuia au kugundua uhalifu, kugundua ukwepaji kodi, uchunguzi wa ubadhirifu wa fedha za umma, kutii sheria au amri ya mahakama. Na zipo taasisi ambazo sheria zao zinazipa meno. TRA kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 wanaweza kukutaka utoe taarifa kwa notisi ya maandishi. TAKUKURU wana mamlaka yao kwenye uchunguzi. Ikija notisi ya namna hiyo hutaulizana nao lengo hadi mwezi uishe. Lakini hata hao wanaandika na kutaja kifungu, na wao wenyewe wamefungwa na sheria kutunza siri ya walichopewa. "Kwa matumizi ya ofisi" siyo kifungu cha sheria yoyote ninayoijua.

Zipo pia taarifa ambazo mlango wake ni mgumu kabisa. Majibu ya karani wa sensa ya mwaka 2022 kuhusu kaya yako hayatolewi kwa taasisi nyingine yakiwa na jina lako, Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza. Wanaochapisha wanatoa jumla: Lindi ilihesabiwa watu 1,194,028, Mtwara 1,634,947. Nani alisema ana ng'ombe wangapi, hapana.

Halafu kuna mkanganyiko nauona sana kwenye halmashauri. Afisa anakuja na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 mkononi kama ndiyo ufunguo. Ile imetungwa kwa ajili ya raia kudai taarifa za taasisi, na yenyewe imelinda faragha ya watu binafsi. Haimpi afisa wa ofisi moja haki ya kubeba daftari la ofisi nyingine.

Mama amesema kweli: binti, usikatae, uliza. Ningeongeza kwenye dokezo lake swali moja tu: kwa kazi wanayotaka kufanya, ni safu zipi za orodha wanazihitaji? Nimeona maombi ya "taarifa zote" mengi yakifia hapo.

Nesi_wa_Zamu (Masasi)

Mnalalamikia ekari? Sisi kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU, tumewahi kuletewa ombi la majina ya wanaotumia dawa katika kata fulani, eti kuna mradi wa kuwasaidia mitaji. Nia nzuri kabisa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema siri ya mteja ni siri. Tulichofanya tuliwaambia wateja wetu wenyewe kwamba mradi upo, anayetaka aende kwa hiari yake. Walikwenda baadhi. Orodha haikutoka kabatini.

Kijiwe_Cha_Kahawa

Hiyo ya nesi nimeikubali. Lakini salfa na UKIMWI ni mambo mawili tofauti, msitishe watu.

Nesi_wa_Zamu (Masasi)

Ni tofauti, ndiyo. Ila muulize jirani wa huyo ndugu wa Tandahimba kama akaunti ya benki ni jambo dogo.

Fundi_Mifumo

Mimi ni wa TEHAMA, nitasema machache. Tatizo kubwa hapa ni faili la Excel. Likishatoka kwenye flashi lina maisha yake, hujui nakala ziko ngapi, na hakuna wa kumfungia. Serikali ina mfumo wa kubadilishana taarifa, GovESB, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019. Mifumo inaongea yenyewe kwa yenyewe: nani kauliza, nini, saa ngapi, vyote vinabaki kwenye kumbukumbu. Ndicho kile kitabu cha mama cha kusambazia barua.

Halafu mara nyingi taasisi haihitaji kupewa orodha, inahitaji kujibiwa. Mnakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ule uliofungwa Januari 2020? Unaweka kidole, unataja namba, mfumo wa NIDA unathibitisha kuwa huyu ndiye au siye. Kampuni ya simu haikukabidhiwa daftari zima la NIDA ili iangalie. Kama hao jamaa wanataka kuhakiki majina waliyonayo tayari, waleteni majina yao, mrudishe ndiyo au hapana.

Kama mfumo wenu haujaunganishwa, na halmashauri nyingi bado, basi angalau barua pepe ya serikali, faili lenye nywila, nywila ipelekwe kwa njia nyingine. Grupu la WhatsApp hapana.

Binti_Masjala (Lindi)

Wakuu, mrejesho. Mama shikamoo, na asante sana.

Niliandika dokezo karibu neno kwa neno kama la mama, nikaongeza swali la wakili la safu. Bosi alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akalisoma tena. Hakufurahi, aliniuliza nani amenifundisha kuandika hivi. Nikasema chuo. Lakini alilipitisha, likaenda kwa Mkurugenzi na mwanasheria wetu, na taasisi ikaandikiwa barua rasmi ya kuulizwa lengo, sheria na safu wanazohitaji.

Jibu limekuja jana, safari hii likapita mapokezi na kugongwa muhuri. Wanataka vijiji viwili tu, jina la mkulima na ekari, kwa ajili ya kupanga njia ya kufikisha huduma yao. Akaunti za benki hawazihitaji. NIDA hawaihitaji. Simu wameomba, mwanasheria ameizuia hadi waeleze ya nini. Kwa hiyo watapewa safu mbili za vijiji viwili kutoka orodha ya wilaya nzima.

Wakili, nina swali lililobaki. Wakati haya yanaendelea, mkuu wa idara mmoja alikuwa ameshaomba "sampuli" kwa afisa kilimo wa kata, akatumiwa picha ya ukurasa mmoja wa daftari, akaiweka kwenye lile grupu. Majina ishirini na kitu, na akaunti zinasomeka. Imefutwa jana usiku, lakini waliopakua wamepakua. Hili nalo naliandikia dokezo au naliacha?

Wakili_wa_Kusini

Unaliandikia, na leo. Huo tayari ni uvujaji wa taarifa binafsi, na halmashauri kama mkusanyaji ina wajibu wa kuutolea taarifa Tume. Mwandikie Mkurugenzi kupitia kwa bosi wako, nakala kwa mwanasheria. Eleza tarehe, ukurasa upi, majina yapi. Usimtaje mtu kwa kumshtaki, taja kilichotokea.

Mama_Mstaafu (Mtwara, Chuno)

Na hao ishirini na kitu wapigiwe simu na mtu wanayemjua, mtendaji wao wa kijiji, waambiwe namba ya siri wasimtajie yeyote atakayejifanya anahakiki malipo. Wapigiwe kabla ya malipo ya mnada kuingia. Msisubiri barua ya Tume irudi.

Mkorosho_Mkavu (Tandahimba)

Mama, huku kuna wasio na simu, wanaandikisha namba ya mtoto aliyeko Dar. Mtendaji apande pikipiki aende.